Mtoto alale kwao

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa zamani uliingia ujumbe: tuchange tujenge bweni. Niliusoma, nikaweka simu mezani, nikaenda kutoa daftari la marehemu baba sandukuni.

Baba alikuwa mweka hazina wa kamati iliyojenga shule yetu ya wavulana huku Bunyore, magharibi mwa Kenya, si mbali na soko la Luanda, kuanzia 1968. Daftari lenyewe limeliwa na mende pembeni, lakini mwandiko bado unasomeka. "Mama wa mtoni, jogoo mmoja, ameuzwa shilingi nne. Seremala, kazi siku tatu, hana pesa. Vijana wa kanisa, mawe, safari kumi na mbili." Kurasa nzima ziko hivyo. Hakuna mfadhili hata mmoja humo.

Jirani yetu mkubwa ni Maseno, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1906, shule ya bweni. Mwaka 1908 wanafunzi wake waligoma, wakasema wamekuja kusoma, si kufanya kazi za mikono. Wazee wetu walikipenda sana kisa hicho. Ila nafasi pale zilikuwa chache, na watoto wa kijijini walibaki nje ya ua. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 na Mzee Kenyatta akatoa wito wa Harambee, watu hawakungoja serikali. Walichimba msingi wenyewe. Kufikia miaka ya sabini, sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Ruzuku hakuna, mwalimu wa kutumwa hakuna. Mshahara wa mwalimu ulitoka kwenye karo, na karo isipolipwa naye alikaa njaa.

Kwa nini shule yetu ikawa ya kutwa? Pesa za bweni hazikuwepo, huo ndio ukweli. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa na neno lake ambalo baba alilirudia hadi uzeeni: "Mtoto alale kwao. Akilala shuleni, nani atamwambia babake alichosoma leo?"

Mimi niliingia kidato cha kwanza mwaka 1976. Jioni nilikama ng'ombe kwanza, ndipo nikaketi na vitabu mbele ya koroboi, baba upande wa pili na daftari lake. Yeye aliishia darasa la nne. Usiku mmoja, nikiwa kidato cha pili, alinisukumia ukurasa wa zamani. "Hebu jumlisha hapa."

Nikajumlisha mara mbili. Jumla yangu ilizidi yake kwa shilingi tano.

Hakusema kitu. Alfajiri nilisikia mlango, akaenda kwa mwenyekiti na shilingi tano zake mwenyewe. Aliporudi aliandika kosa hilo kwa kalamu nyekundu na kutia sahihi. Ukurasa huo ndio ninaoushika sasa. Kama ningekuwa bwenini usiku ule, hesabu zangu zingebaki ubaoni.

Kuna jambo moja linaloniuma hadi leo. Dada yangu alibeba mawe ya shule hiyo kichwani, na hakuwahi kukaa darasani mwake hata siku moja. Wazee walisema ya wasichana itafuata. Ilikawia mno, yeye akaolewa. Hapo walikosea, na baba alilikiri kabla ya kufa.

Tangu 2008 serikali inalipa ada ya masomo ya sekondari za kutwa, na mtoto wa mjane anaweza kusoma. Hata hivyo nasikia wazazi wakitamka "shule ya kutwa" kana kwamba wanataja ugonjwa. Najua wapo wavulana wanaotembea gizani wakinyeshewa, na nyumba zisizo na taa ya kusomea. Basi tuwanunulie taa za sola. Tujenge jiko, wapate chakula cha mchana cha moto, darasa moja libaki wazi hadi saa kumi na mbili jioni na mwalimu alipwe kwa muda huo. Kwa hayo nitatoa bila kuombwa mara mbili. Kwa bweni sitoi.

Kikao ni Jumamosi saa nne asubuhi. Nimelifunga daftari kwa karatasi ya nailoni, mvua isije ikaliharibu njiani.