Ninavyoipigia hesabu bonasi ya kasino kabla ya kuikubali

Karibu kila bonasi ya kasino ya mtandaoni ina bei yake, na unaweza kuijua kabla hujabonyeza "kubali". Mimi nauza mawese hapa Mwanga, Kigoma. Mzigo nautoa Simbo, mwingine naupakia kwenye treni kwenda kwa wateja wa Tabora, na biashara hii imenifundisha kwamba bei ya dumu shambani siyo bei ya dumu likishafika stesheni. Nilipoanza kuzisoma ofa za kasino kwa jicho hilohilo, nyingi niliziacha bila kujiuliza mara mbili, na chache nilizozichukua nilijua nachukua nini.

Chukua ofa inayoonekana kila siku: weka 20,000, uongezewe 20,000. Ukishuka kwenye maandishi madogo unakuta sharti la kuzungusha bonasi mara 30 kabla ya kutoa hela. Maana yake dau zako zote zikijumlishwa zifike 600,000. Sloti nyingi, yaani michezo ya picha zinazozunguka, hurudisha kwa wachezaji kama asilimia 96 ya kinachochezwa, na nne zinazobaki ni za kasino. Asilimia 4 ya 600,000 ni 24,000. Kwa hiyo ukiuzungusha mzunguko wote, wastani wa kitakachokutoka ni 24,000, ili upate bonasi ya 20,000. Kama sharti linasema mara 30 ya amana, yaani hela uliyoweka mwenyewe, na bonasi kwa pamoja, mzunguko unapanda hadi 1,200,000 na gharama inakuwa 48,000. Ni neno moja tu, "pamoja", na bei imekuwa maradufu.

Huo ni wastani. Siku moja mtu atapata, siku nyingine hatapata. Tena huwezi kupoteza zaidi ya kilichomo kwenye akaunti, kwa hiyo wengi mzunguko huwakatikia njiani: bonasi imekwisha, na elfu ishirini yao waliyoiweka nayo imekwenda.

Kutoka hapo nikajitengenezea kipimo kisichohitaji kalamu. Nachukua 100, nagawanya kwa asilimia inayobaki kwa kasino. Sloti ya 96 inanipa 25, basi bonasi ikitaka kuzungushwa zaidi ya mara 25, siigusi. Sloti inayorudisha 94 mpaka wake ni kama mara 16. Asilimia hiyo ipo kwenye maelezo ya mchezo wenyewe, panapoandikwa RTP, na inafaa kuitazama kila mara kwa sababu michezo inayofanana sura haifanani marejesho.

Mpwa wangu anaendesha bodaboda Kibirizi, pale wanaposhusha dagaa. Alikuja nyumbani jioni moja na simu mkononi.

"Shikamoo mjomba. Wamenipa elfu ishirini ya bure, nataka niimalizie kwenye kidege."

"Marahaba. Masharti umeyasoma?"

"Nimeona vigezo na masharti kuzingatiwa, nikapita."

Tukakaa tukayasoma pamoja. Kidege, yaani Aviator, ni mchezo ambao namba ya kuzidisha dau lako hupanda, nawe unatakiwa utoke kabla ndege haijaondoka. Hakikuhesabiwa kabisa kwenye mzunguko wa ile bonasi. Angecheza usiku kucha na sharti lingebaki palepale. Akaniuliza kama walau kuna mahali pazuri pa kuruka. Aviator inarudisha asilimia 97. Ukipanga kutoka kwenye mara 2, nafasi ya kufika ni kama asilimia 48 na nusu; ukipanga mara 10, ni chini kidogo ya 10. Popote utakapotoka, wastani unarudi kwenye 97 ileile. Ukitoka mapema unashinda mara nyingi vidogo vidogo, ukichelewa unashinda mara chache kikubwa, na fungu la kasino halisogei.

Akaja na lile la kudabo, ambalo kijiweni kwao linasifiwa sana: ukipoteza weka mara mbili, ukishinda umerudisha zote. Hili nilitaka alione kwa macho yake, nikachukua daftari la mauzo. Ruleti ya Ulaya, gurudumu linalozungushwa na kimpira kuangukia namba moja, ina namba 37, nyekundu 18, nyeusi 18 na sifuri moja. Anza na 500 kwenye nyekundu. Ukikosa mara sita mfululizo umeweka 500, 1,000, 2,000, 4,000, 8,000 na 16,000, jumla 31,500, na dau linalofuata ni 32,000 la kutafuta faida ya 500. Kukosa sita mfululizo hutokea kama mara moja katika kila 55 unazoanza mlolongo huo, na anayecheza kila siku atakutana nayo. Kwenye bonasi ni mbaya zaidi, kwa sababu huwa kuna dau la juu linaloruhusiwa. Ukilivuka, hata mara moja tu, kasino ina haki ya kufuta ushindi wote. Kuweka nyekundu na nyeusi kwa pamoja ili kumaliza mzunguko bila kupoteza nako masharti mengi hukataza, na sifuri ikitoka unakosa pande zote mbili.

Karata zilinivutia mimi mwenyewe. Blackjack, mchezo wa kuikaribia 21 bila kuivuka, ikichezwa kwa mpangilio sahihi, na kwa kanuni nzuri za meza, humwachia kasino kama nusu asilimia tu. Lakini soma mchango wa mchezo, yaani sehemu ya dau inayohesabiwa kwenye mzunguko: mara nyingi ni asilimia 10, au sifuri kabisa. Mchango ukiwa 10, mzunguko wa 200,000 unageuka 2,000,000, na nusu asilimia yake ni 10,000. Sloti ya 96 ingekugharimu 8,000 kwa mzunguko uleule. Kilichoonekana rahisi kimekuwa ghali.

Mizunguko ya bure, yaani kuizungusha sloti bila kulipia dau, naihesabu vivyo hivyo. Kwenye sloti ya 96, mizunguko 20 ya shilingi 200 ina thamani ya wastani ya 3,840. Ushindi wake ukitakiwa kuzungushwa mara 35, gharama ni 5,376. Napita.

Ninachokichukua ni bonasi ya mara 10 au chini, ya bonasi peke yake, ambayo haina ukomo mdogo wa kutoa na inakupa muda wa kutosha. Kwa elfu ishirini, mzunguko ni 200,000, gharama 8,000, inabaki thamani ya 12,000. Hapo naweka dau dogo, 200 kila mara, kwa sababu dau dogo linakupa nafasi kubwa ya kufika mwisho hela ikiwa bado ipo. Ni kubonyeza mara 1,000, na mtu aamue mwenyewe kama jioni zake zinastahili hiyo kazi. Marejesho ya asilimia ya uliyopoteza, yanayolipwa fedha taslimu bila mzunguko, ndiyo ofa ninayoiheshimu kuliko zote, ingawa hiyo nayo hupunguza hasara tu. Mchezo bado unaelemea upande wa kasino.

Kabla ya hesabu zote hizo naangalia leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Akaunti naisajili kwa jina lilelile la laini yangu ya simu, maana jina likitofautiana utashangilia ushindi ambao hautoki. Laini za mke au wadogo zako usizitumie kukusanya bonasi za kukaribishwa. Ni akaunti moja kwa mtu mmoja, na wakigundua hufunga zote. Walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi, na kwangu hilo halina mjadala. Hela ya mtaji wa mawese ina laini yake, na hiyo laini haijawahi kuunganishwa na kasino yoyote.

Mahali masharti yanapochanganya, nawaandikia huduma kwa wateja maswali matatu: mzunguko ni wa bonasi au wa amana na bonasi, bonasi yenyewe hukatwa wakati wa kutoa au hubaki yangu, na michezo gani haihesabiwi. Nataka jibu la maandishi, nalihifadhi kwa picha ya skrini. Wakijibu kwa kunielekeza tu niyasome tena masharti, ofa hiyo naiacha.