Longonot bila gari, vile mimi na dadangu tulienda

Watu huniuliza kama lazima uwe na gari ama ulipie watu wa tour ndio ufike Mlima Longonot, ule wa volkeno karibu na Naivasha, jibu ni hapana kabisa, kutoka Nairobi ni kama kilomita 90 tu. Mimi na dadangu mdogo tuliamka kukiwa bado giza tukapanda matatu ya Naivasha, na hapa sikiza vizuri: uliza makanga kama gari inapitia Mai Mahiu, ile barabara ya chini, kwa sababu zinazopita juu Kinungi hazifiki Longonot. Tukashushwa Longonot mjini, boda ikatupeleka hadi geti ya mbuga, ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya).

Tiketi nililipia kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali ya kulipia huduma, usiku wa kuamkia safari, maana getini hawachukui keshi. Halafu chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwa mbuga zetu tangu Juni 2020, so beba maji kwa chupa ya kudumu na ubebe mengi, lita tatu kila mtu si nyingi, huko juu hakuna duka, hakuna mfereji, na kivuli ni cha kutafuta.

Geti hadi ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkeno, ni kilomita 3.1, vumbi lake la volkeno ni laini kama unga na linateleza vibaya, vaa viatu vyenye meno. Ukifika unaona shimo lote limejaa msitu. Wengi wanapiga picha hapo wanarudi, na mimi naona wanakosa mlima wenyewe, kwa sababu utamu uko kwa kuzunguka ukingo, kilomita 7.2, kushuka kupanda kushuka kupanda mpaka kilele cha mita 2,776. Karibu na kilele kuna mahali unashika mawe kwa mikono. Dadangu aliketi akasema hawezi tena, nikamwambia tusiangalie juu, twende tu hadi kale kajiwe, tunywe maji, halafu kengine, hivyo hivyo mpaka tukajipata tumefika, Ziwa Naivasha upande huu, Mlima Suswa kule, akalia kwa furaha na mimi nikalia pia.

Jioni matatu za kutoka Naivasha zilikuwa zinapita zimejaa, tukachukua gari ya hadi Mai Mahiu tu, hapo tukapata ya Nairobi bila shida.