PhD ya biashara ukiwa Tabora: anza na daftari la wanachama

Wengi wanaojiandaa kwa shahada ya uzamivu ya biashara na menejimenti huanza na kichwa cha utafiti. "Mchango wa utawala bora katika ufanisi wa vyama vya ushirika wa mazao: uchunguzi kifani wa Mkoa wa Tabora." Kinapendeza, na hakuna msimamizi atakayekikataa siku ya kwanza. Balaa huja mwaka wa pili, dodoso limeshachapwa, pale mtu mmoja ukumbini, siku ya kuwasilisha kazi yako, anapouliza: hapa unampima nani, chama au mwanachama?

Mimi ningegeuza mpangilio. Kabla ya nadharia, kabla hata ya kumsaka msimamizi, kajue orodha gani ipo, ipo kwa nani, na ni ya msimu upi.

Tuchukue tumbaku, maana ndiyo inayozungusha fedha Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Mkulima ni mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, AMCOS ina mkataba na kampuni, pembejeo zinakuja kwa mkopo kupitia chama, na siku ya malipo deni linakatwa kwanza. Bei imekuwa ikipangwa kwa dola. Kila hatua inaacha karatasi: rejista ya wanachama, orodha ya waliogawiwa mbolea, hati za mizani zenye kilo na daraja, taarifa za ukaguzi wa COASCO, shirika la serikali linalokagua vyama vya ushirika. Kwa mtafiti wa biashara huo ni utajiri, na wengi wanaupita kwa sababu wameshajifunga na dodoso.

Orodha ya vyama utaipata kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo ina mfumo wake wa kompyuta, MUVU. Orodha ya wanachama iko kwenye AMCOS yenyewe. Usiiamini moja kwa moja. Rejista inabeba marehemu, waliohamia mkoa mwingine, na kaya moja iliyoandikwa mara mbili, kwa jina la mume na la mke. Orodha iliyo hai ni ile ya pembejeo za msimu husika: aliyechukua mbolea amelima, au angalau anadaiwa. Itumie hiyo kuchota sampuli, na sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, ieleze kwa nini uliiacha rejista. Aya hiyo moja itakuokoa kwa mtahini kuliko kurasa sita za kufafanua maana ya sampuli.

Sasa turudi kwenye lile swali la ukumbini. "Utawala bora" ni sifa ya chama. "Ufanisi wa chama" nao ni sifa ya chama. Ukihoji wakulima 370 kutoka AMCOS 18 au 19, kwa swali hilo huna vipimo 370, una 18 au 19. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 ambalo kila pendekezo linalinakili (watu 1,000 sampuli 278, watu 10,000 sampuli 370) linachukulia kwamba watu wamechotwa mmoja mmoja, kila mmoja kivyake. Wakulima wa AMCOS moja wana viongozi wale wale, kampuni ile ile na mvua ile ile. Majibu yao yatafanana, upende usipende.

Hasara yake inahesabika. Chukua idadi ya watu unaowahoji kila chama, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwa majibu ndani ya chama (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa), kisha ongeza 1. Watu 20 kila chama na kufanana kwa 0.1 inakupa 2.9. Gawanya 370 kwa 2.9: unabaki na uzito wa watu 128 hivi. Ukiwahoji 10 kila chama kutoka vyama 37, kigawanyo kinashuka hadi 1.9, na wale wale 370 wanakuwa na uzito wa 195. Ongeza vyama, punguza watu ndani ya kila chama. Petroli ya pikipiki itapanda, ndiyo, lakini tasnifu nayo itasimama.

Njia za kutokea ni mbili. Ya kwanza ni kubaki na chama kama kipimo, utafute vyama 100 au zaidi, hata kama utavuka mpaka wa mkoa, na utegemee nyaraka pamoja na kiongozi mmoja au wawili kila mahali. Ya pili, ambayo ningeichagua, ni kushuka kwa mwanachama na kubadili swali: imani kwa viongozi ina uhusiano gani na uamuzi wa kuuza tumbaku nje ya chama?

Hapo nadharia inaanza kufanya kazi. Nadharia ya uwakala, kama ilivyoandikwa na Jensen na Meckling mwaka 1976, inazungumzia mwenye mali na wakala anayemsimamia mali hiyo. Kwenye AMCOS wenye mali ni wanachama, wakala ni bodi na meneja, na kikao cha kuwabana ni Mkutano Mkuu. Lakini mwenye hisa wa kampuni iliyo kwenye soko la hisa akichoshwa na wakurugenzi anauza hisa zake asubuhi hiyo hiyo. Mwanachama wa AMCOS hana soko la kuuzia hisa yake. Mlango uliobaki ni kupitisha mzigo usiku kwa mnunuzi mwingine na kuliacha deni la pembejeo likiwaelemea wenzake. Ukieleza jambo hilo vizuri umeshapata mchango wa kinadharia, na swali la "umeongeza nini kipya?" halitakutoa jasho.

Ugumu ni kwamba hakuna mkulima atakayekujibu "ndiyo, nilitorosha". Kuuliza moja kwa moja ni kukusanya uongo kwa gharama kubwa. Tumia hesabu ya orodha. Nusu ya wahojiwa, waliopangwa na simu kwa bahati nasibu na si kwa hiari ya msaidizi, wanasomewa mambo manne: msimu uliopita nilikopa kwa jirani, niliuza mahindi yakiwa bado shambani, niliweka kibarua wa kuvuna, nilinunua pikipiki mpya. Nusu nyingine wanasomewa hayo manne na la tano: niliuza tumbaku nje ya chama changu. Mhojiwa hasemi ni yapi, anataja idadi tu. Tuseme wastani wa kundi la kwanza ni 1.9 na wa kundi la pili ni 2.2. Tofauti ni 0.3, maana yake wakulima kama 3 katika 10 walitorosha. Changanya jambo la kawaida na la nadra, kwa sababu mtu akijikuta anataja yote matano siri yake imetoka. Udhaifu wa njia hii ni kwamba hujui nani alitorosha, na kosa la makadirio ni kubwa, kwa hiyo wahojiwa 100 hawatoshi.

Iambatanishe na kipimo cha pili kutoka kwenye karatasi: kilo za mkataba ukitoa kilo zilizopita kwenye mizani. Upungufu huo peke yake si ushahidi. Mvua ya mawe hupunguza kilo, bani (banda la kukaushia tumbaku) ikiungua hupunguza kilo, ugonjwa nyumbani hupunguza kilo. Mlinganishe mkulima na majirani wa kitongoji chake, si na wastani wa wilaya. Kuna faida nyingine: imani umeipima kwa dodoso na kilo umezitoa kwenye hati, kwa hiyo lawama kwamba kila kitu kimetoka kwenye mdomo wa mtu mmoja siku moja haikufikii.

Kalenda. Vitalu vinaanza Agosti na Septemba, miche inahamishiwa shambani mvua zikianza, kuvuna na kukausha ni Januari hadi Aprili, kisha masoko. Ukienda kipindi cha kukausha, mhojiwa wako yuko kwenye bani, anachunga moto. Masika mbuga za Kaliua na Sikonge zinameza hata pikipiki. Muda mzuri ni baada ya malipo na kabla ya vitalu. Ila andika kwenye kila dodoso kama mkulima ameshalipwa au bado, uiingize kwenye uchambuzi. Imani kwa viongozi kabla ya fedha kuingia na baada ya kuingia ni vitu viwili tofauti kabisa.

Anayefanyia utafiti Kigoma kwenye dagaa asidhani kanuni hii haimhusu. Pale kwenye mwalo wa Kibirizi kalenda ni mwezi wa angani: usiku wa giza wavuvi wako ziwani na taa, mchana wamelala, mbalamwezi ikiwaka ndipo wanapatikana wakishona nyavu. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Aliyekuwa amepanga kuhoji wavuvi miezi hiyo kuhusu mapato ya wiki alikuta hakuna mapato ya kuuliza.

Vibali havina ujanja, vina mpangilio. Mwanafunzi wa chuo cha hapa nchini anaanza na barua ya chuo chake. Aliyesajiliwa nje ya nchi anapitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kutoka hapo ni Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Afisa Ushirika wa wilaya apate nakala yake, la sivyo meneja wa AMCOS atakwambia "subiri kwanza nimpigie". Orodha ya wilaya iandikwe kamili tangu barua ya kwanza. Kuongeza wilaya moja baadaye ni kuanza ngazi upya. Majina na namba za simu kwenye daftari la chama ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: mpe kila mtu namba ya siri, na jedwali la kuunganisha namba na majina likae kwenye faili lake peke yake lenye nywila.

Dodoso. Tasnifu nyingi za biashara zinaandikwa kwa Kiingereza, lakini mkulima unamhoji kwa Kiswahili, kwa hiyo dodoso likishatafsiriwa, mtu wa pili ambaye hajaona asili alirudishe kwenye Kiingereza, kisha mlinganishe. Hilo linajulikana. Linalosahauliwa ni mizani ya "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Soma sentensi 40 mfululizo kwa ngazi tano, na kabla hujafika nusu mzee anajibu "nakubali" kwa kila kitu ili umwache aende zake. Igawe mara mbili: kwanza anakubali au hakubali, kisha, sana au kidogo. Na ondoa kanusho. "Viongozi hawatoi taarifa za mapato" ikijibiwa "hapana", msaidizi mmoja anajaza 1 na mwenzake anajaza 5, wote wakiwa na nia njema. Andika "viongozi wanaficha mapato", utata umekwisha.

Kwa wasaidizi, piga hesabu hivi: mahojiano ya dakika 45 pamoja na kumtafuta mtu ni sita kwa siku, si kumi na mbili. Wasaidizi watatu, watu 360, ni siku 20 za kazi bila kuhesabu msiba wala gulio. Ukiwalipa kwa dodoso, watapika data. Walipe kwa siku. KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso, inafanya kazi kwenye simu bila mtandao na inahifadhi saa ya kuanza na kumaliza pamoja na mahali. Kila jioni angalia: dodoso la dakika tisa, madodoso matano yenye majira ya GPS yale yale, au safu nzima ya 4. Kesho yake rudi kwa mhojiwa mmoja katika kumi na umuulize maswali matatu tu. Data zilizopikwa zina dalili nyingine baadaye: alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu ya sentensi za kundi moja yanavyoendana, inavuka 0.95 na mwanafunzi anafurahi. Kinachotakiwa ni 0.7 na kuendelea, lakini ikipanda mno ama sentensi zako zinarudia jambo moja, ama mtu mmoja alizijaza chini ya mwembe.

Kuhusu programu za uchambuzi sina mengi. SmartPLS si dawa ya sampuli ndogo kama wengi wanavyoambiana. Sampuli mbovu inabaki mbovu. Kama wakulima wako wako ndani ya vyama, tumia modeli ya ngazi mbili, inayotenganisha tofauti za vyama na tofauti za wakulima ndani ya chama. Stata na R zote zinaiweza.

Msimamizi mtafute baada ya kuwa na kurasa tatu hadi tano: swali, nadharia, orodha uliyoiona kwa macho, na namna ya kupima. Chuo Kikuu Huria kina kituo Tabora na kingine Kigoma, na hilo linamsaidia mwajiriwa; kwa mada za ushirika walimu wengi wako Moshi, kwenye Chuo Kikuu cha Ushirika. Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri kabla ya kujisajili. Vyuo vingi vinadai makala kwenye jarida kabla ya kuhitimu, kwa hiyo soma kanuni za chuo chako mapema, na jarida linalokukubalia ndani ya wiki kisha likatuma namba ya kulipia, achana nalo.

Ukishatetea tasnifu, masahihisho yapangwe kwenye jedwali la safu tatu: hoja ya mtahini kwa maneno yake mwenyewe, ulichofanya, na ukurasa. Usipokubaliana na hoja, sababu iandike kwenye safu ya pili hiyo hiyo, na msimamizi asaini kabla jedwali halijaondoka mikononi mwako.