Bibi na upepo wa matlai

Leo alasiri nimempeleka bibi bustani ya Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa, kupunga upepo, kwa kuwa upepo wa kusi umekwisha, matlai ya mashariki imeingia, bahari imetulia, na tangu miezi ya baridi magoti yalikuwa yamemfungia ndani.

Tulimwekea kiti kivulini, chini ya mbuyu, tukamnunulia dafu.

Meli kubwa ilipokuwa ikiingia bandari ya Kilindini, alivua kiatu kimoja taratibu, akaukanyaga udongo kwa unyayo mtupu, akafumba macho.

“Matlai hii, mjukuu wangu,” akasema.

Sikuweza kumjibu, nilimshika mkono tu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi haukuwa baridi.

Jamani, wazee wenu mnawapeleka wapi msimu huu? Nitajieni mahali penye kivuli na pasipo ngazi nyingi, Inshallah Jumapili tutoke naye tena.