Boksi la umeme, nyumba ya Uyole: breka na RCD

Waya zote zimeshavutwa na boksi la njia 18 limekaa ukutani. Kazi iliyobaki ni kulijaza.

Mein swichi ni ya 63A, inakata laivu na nyutro kwa pamoja. Breka tumezichagua kwa kuangalia waya kwanza. Taa zina waya wa 1.5 (milimita za mraba, unene wa waya) na breka ya 10A. Soketi waya wa 2.5 na breka ya 20A. Hita ya kuoga, ambayo kwa baridi ya hapa mwezi wa sita na wa saba haipumziki, ni ya wati 5,500. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu 24A, kwa hiyo ina waya wa 6 na breka ya 32A. Ukiona breka ya 32A imefungwa kwenye waya wa 2.5 eti "ya 20 inakatakata", ujue hapo waya wenyewe ndio umegeuzwa fyuzi, tena juu ya dari ya mbao.

Pampu ya kisima imepewa C10, yaani breka ya 10A ya aina ya C, si ya B ya kawaida. Ikiwa kazini haifiki 10A, ila inapoanza huvuta mara kadhaa zaidi. B10 hukata papo hapo kati ya 30A na 50A. C10 huvumilia hadi kati ya 50A na 100A.

RCD, swichi inayolinganisha mkondo wa laivu na wa nyutro na kukata vikitofautiana, ndiyo ya kutolea pesa bila kusita. Ethi ya nyumba hii ni rodi tu iliyopigwa ardhini, na kipimo kimesoma omu 40. Laivu ikigusa bodi (gamba la nje) ya hita, mkondo unaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 40, chini kidogo ya 6A. Breka ya 32A haitashtuka kabisa, na bodi itabaki na umeme ikimsubiri mtu mwenye mikono mibichi. RCD ya 30mA (milliampea, elfu za ampea) inakata. Hata udongo huu wa majivu ya volkano ukikauka mwezi wa tisa na omu zikapanda maradufu, bado itakata.

Zipo mbili, aina ya A: moja ya hita, pampu na jikoni, nyingine ya taa na soketi za vyumba, ili hita ikivuja nyumba isiingie gizani. Kila RCD ina baa yake ya nyutro, na hapa ndipo hitilafu ya majaribio ilipojitokeza: taa ya veranda ikiwashwa, umeme unakatika. Nyutro yake ilikuwa kwenye baa ya jikoni. Laivu ikipita RCD moja na nyutro ikirudi kwa nyingine, mkondo wote wa taa huonekana kama mvujo; taa ya wati 9 hupitisha karibu 40mA, na hizo zinatosha kuiangusha RCD ya 30mA. Nyutro imehamishwa, taa inawaka.

Kinga ya radi, aina ya 2, imekaa kabla ya RCD. Waya zake kwa jumla zisizidi sentimita 50, vinginevyo volti zinazobaki huingia kwenye vifaa.

Bado kukaza skrubu zote kwa bisibisi ya kipimo (inayoonyesha nguvu ya kukaza), kisha kupima kila RCD kwa mita: kwa 30mA ikate ndani ya milisekunde 300.