Namba nyuma ya kifungo

Kifungo cha chini kilikuwa kinacheza. Ni hicho tu kilichonipeleka kwa fundi cherehani jioni ile. Koti lilikuwa limeshapata mnunuzi, pesa zimeshalipwa, mtandao unazishikilia mpaka mzigo ufike, na mimi nilibakiza kufunga na kutuma. Ila vifungo vya makoti ya jinzi havishonwi, hugongewa kama msumari, na kitambaa kilichokishika hicho cha chini kilikuwa kimelika mpaka nyuzi nyeupe zimetokeza. Sikutaka mtu aliyelipa pesa nyingi kiasi kile afungue mzigo wake na kifungo kimdondokee mkononi.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kuuza nguo za zamani mtandaoni. Mchana nilikuwa na ajira yangu. Usiku na mwisho wa wiki nilichambua mitumba, nikafua, nikapima kwapa hadi kwapa na bega hadi pindo, nikapiga picha dirishani asubuhi kabla jua halijawa kali. Faida haikuwa kubwa, lakini niliipenda kazi ile, na bado naipenda. Nguo iliyoishi zaidi ya umri wangu, ikapita mikononi mwa watu nisiowajua, ikafika kwangu ikiwa bado na nguvu ya kuvaliwa: nikiishika hiyo, uchovu wa mchana kutwa huniondoka.

Koti hilo nililiokota chini kabisa ya rundo. Mkono ulilitambua kabla ya jicho. Jinzi nzito ina ubaridi wake na ugumu wake, hata ikiwa imefuliwa miaka na miaka. Nikavuta, likatoka. Mifuko miwili tu, kifuani, yenye vifuniko vilivyochongoka, na mishono miwili inayoshuka kutoka mifukoni hadi kiunoni ikikaribiana kama herufi V. Kwenye mfuko wa kushoto kulikuwa na kilebo chekundu kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Juu yake jina la Levi's, kampuni ya Marekani ya nguo za jinzi, lilikuwa limefumwa kwa herufi kubwa tupu, E ikiwa kubwa kama wenzake.

Kwa mtu wa biashara hii, E hiyo ni habari nzito. Levi's walianza kushona kilebo chekundu kwenye nguo zao mwaka 1936, na kwa miongo yote iliyofuata jina liliandikwa kwa herufi kubwa. Mwaka 1971 wakabadilisha, e ikawa ndogo. Kwa hiyo mkusanyaji akiona E kubwa, moyo wake unamwambia: kabla ya 1971. Nalo umbo lile la koti lilitoka mwaka 1962. Mifuko ya pembeni ya kutia mikono ilikuja baadaye sana, na hili halikuwa nayo. Kila nilipogusa, mambo yalikubaliana.

Nililigeuza ndani pia. Nasema hivyo kwa sababu baadaye nilijiuliza mara nyingi kama nililigeuza, na ukweli ni kwamba niligeuza. Nilikuwa natafuta lebo ya ufuaji, ile inayosema fua kwa maji baridi, usitie dawa ya kung'arisha. Marekani ilitunga kanuni ya kuwalazimisha watengenezaji kushona lebo hizo mwaka 1971, ikaanza kufanya kazi 1972. Nguo ya kabla ya hapo haitarajiwi kuwa nayo. Nikapapasa kwenye mshono, sikukuta kitu, nikafurahi. Nikachukulia kutokuwepo kwa lebo kuwa ushahidi.

Nikaandika tangazo: koti halisi, kabla ya 1971. Nikaliweka kwenye mnada wa siku saba. Siku sita za kwanza bei ilitambaa. Usiku wa mwisho, dakika kumi kabla ya kufungwa, watu wawili wakaanza kushindana, na mimi nimekaa kitandani simu mkononi, natazama namba zikipanda kama mtu anayetazama moto. Ilipofungwa, bei ilikuwa mara arobaini ya pesa niliyotoa. Mshindi alikuwa mkusanyaji wa nchi ya mbali, mwenye mamia ya manunuzi na sifa safi. Alilipa usiku ule ule na kuandika kwamba amelitafuta koti la saizi ile kwa muda mrefu.

Fundi alilipokea koti, akalilaza juu ya meza, akavaa miwani. Ni mzee anayefanya kazi bila haraka, na mimi nilikuwa na haraka.

"Shikamoo, mzee. Ni hiki kifungo tu. Nataka unitilie raba nyuma kisije kikachomoka."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nitazame kwanza kimekamatwaje."

Akalipindua, akakisogeza kifungo kwenye taa. Akakisugua kwa kidole gumba. "Kina namba hapa. Tano tano tano."

Nikamwambia kwamba hizo ni namba za kiwanda, kila kiwanda kilikuwa na yake. Nilizijua kwa jumla. Tano tatu sikuzijua, na sikujisumbua. Akaendelea kupapasa ndani, kwenye mshono wa ubavuni, mahali ambapo vidole vyangu vilikuwa vimepita. Akasimama. Akachukua sindano, akainua kitu.

"Na hapa pamekatwa nini?"

Niliinama. Katikati ya mshono, ndani kabisa, palikuwa na ukingo mweupe mwembamba kuliko punje ya mchele. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi mkali, ukazama. Ukipitisha kidole huukuti. Mpaka uupanue mshono kwa kucha mbili chini ya taa.

"Ilikuwa lebo," alisema. "Mtu ameikata vizuri sana. Hakutaka ionekane."

Sikujibu. Yeye kwa udadisi wake wa ufundi alichomoa uzi mmoja kutoka kwenye ule ukingo, akaushika kwa kibano na kuuwashia kiberiti. Uzi wa pamba huungua ukaacha jivu laini na harufu ya karatasi. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukabaki ncha ngumu nyeusi kama kichwa cha pini. Akanionyesha kwenye kiganja chake.

"Si pamba hii. Ni polista. Kwani vipi, mwanangu, umebadilika uso."

Nikamwomba anitilie raba tu.

Usiku ule sikulala. Nilitafuta zile tano tatu, na kumbe wenye biashara hii wanazijua vizuri sana. Ni muhuri wa kiwanda cha Levi's cha Valencia Street, San Francisco, kilichofungwa mwaka 2002. Humo, miaka ya 1990, kampuni ilishona upya mifano ya nguo zake za zamani kwa ajili ya wapenzi wa mambo ya kale: jinzi nzito ileile, mishono ileile, kilebo chekundu chenye E kubwa ileile. Kampuni haikumdanganya mtu. Nguo hizo ziliuzwa kwa jina lake halali, zikiwa na lebo ndani. Ni mtu fulani, kati ya kiwanda kile na rundo langu, aliyechukua mkasi. Huenda lebo ilimkwaruza tu. Huenda alikuwa na nia nyingine. Koti haliwezi kuniambia.

Nataka niseme wazi niliyoyafikiria saa zile, maana yalinijia yote. Nilifikiria kwamba ukingo ule unaweza kuvutwa kwa kibano, uzi mmoja mmoja, mpaka usibaki. Nilifikiria kwamba raba ya fundi imeshaziba mzunguko wa kifungo, na mtu hawezi kudai amedanganywa na kitu ambacho hata muuzaji hakukiona. Nilifikiria kwamba tangazo niliandika kwa nia njema. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa na nguvu kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa kweli. Lakini lilikuwa kweli mpaka jioni ile kwa fundi. Baada ya hapo, kila saa ambayo neno "halisi" liliendelea kukaa kwenye tangazo langu, nilikuwa naliandika upya kwa kujua.

Alfajiri nilipiga picha tatu: nyuma ya kifungo, ukingo wa lebo chini ya mwanga, na ile ncha nyeusi ya uzi, ambayo fundi alinifungia kwenye kipande cha karatasi. Nikamwandikia mnunuzi. Nilianza kwa maelezo marefu ya jinsi nilivyokosea, nikayafuta. Nikabakiza haya: Koti hili si la kabla ya 1971. Ni toleo la miaka ya 1990 lililokatwa lebo. Nilikosea. Narudisha pesa zako zote leo.

Nikazirudisha. Ada ya tangazo haikurudi, na ile hesabu niliyokuwa nimeipiga ya vitu vya kununua niliikunja nikaitupa. Iliuma, tena iliuma siku kadhaa.

Jibu lilikuja siku ya pili. Nilitegemea ama hasira ama pongezi. Halikuwa na hata moja. Aliandika sentensi tatu. Pesa zimefika. Asante kwa kifungo. Halafu akauliza: zile nyingine ulizouza kabla ya hili, zote ulizikagua hivi?

Nilikaa na swali lile muda mrefu. Mpaka hapo nilikuwa nimeshajihesabia kwamba nimemaliza, nimetenda haki, nimelipa. Nilifungua orodha ya mauzo yangu. Nguo sitini na tatu. Nyingi hazikuwa na tatizo, kwa kuwa sikuzidai mwaka wowote: sweta la sufu, sketi ya kitani, koti la mvua. Lakini nilianza kuzitafuta zile nilizozipa umri, na nikazitazama picha moja moja kwa kuzikuza hadi zikawa madoa.

Ya kwanza iliyonisimamisha ilikuwa fulana. Niliiuza kama ya miaka ya 1980 kwa sababu ya mshono mmoja kwenye pindo la mkono. Ni kweli fulana za zamani nyingi zilipindwa kwa mshono mmoja, na mpaka katikati ya miaka ya 1990 viwanda vingi vikawa vimehamia kwenye mishono miwili. Lakini mshono mmoja mtu anaweza kuushona hata leo, na wapo wanaofanya hivyo makusudi. Sikuwa nimeipiga picha lebo ya shingoni upande wa nyuma. Nilikuwa nimeuza umri wa nguo kwa uzi mmoja.

Ya pili ilikuwa gauni. La kijani, kiuno kimebana, marinda mengi chini, zipu ya chuma ubavuni. Kwa ajili ya zipu hiyo niliandika miaka ya 1950, maana zipu za nailoni zilienea baada ya hapo. Ni hoja dhaifu. Zipu za chuma hazikukoma siku moja, na tena zipu hubadilishwa. Nikakuza picha ya nne, ile niliyopiga kuonyesha upindo wa ndani. Kwenye kona ya chini, nusu imekatwa na ukingo wa picha, palikuwa na kilebo cheupe, na juu yake kialama cha beseni lenye mawimbi ya maji. Picha niliipiga mwenyewe. Shirika linalosimamia alama hizo za ufuaji, Ginetex, liliundwa Paris mwaka 1963. Gauni la miaka ya 1950 haliwezi kuwa na beseni hilo. Lilikuwa pale kwenye tangazo langu siku zote, wazi kwa kila mtu, na mimi sikuliona kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua.

Niliwaandikia wote wawili. Aliyenunua fulana alijibu ndani ya saa moja, akairudisha, nikamlipa pamoja na nauli ya mzigo. Lebo yake ya shingoni, nilipoigeuza, ilikuwa ya juzi juzi.

Koti nililiweka tena sokoni. Picha ya kwanza ya tangazo ikawa nyuma ya kifungo, na ya pili ukingo wa lebo. Lilikaa miezi minne. Aliyelinunua aliuliza urefu wa mikono tu.

Gauni ndilo lililobaki. Mwanamke aliyelinunua alikuwa ameniandikia maneno mengi siku lilipomfikia. Alisema ana picha ya marehemu mama yake akiwa kijana, amevaa gauni linalofanana na hilo kwa kila kitu isipokuwa rangi, ambayo picha ya enzi zile haikuweza kuonyesha. Na kwamba alipolivaa mara ya kwanza alisimama mbele ya kioo bila kusogea. Aliliamini kuwa la miaka ile ile kwa sababu mimi niliandika hivyo.

Nilimweleza kuhusu beseni, nikamwambia aangalie mshono wa ubavuni, karibu na upindo. Nikamwambia pesa zake ziko tayari wakati wowote. Kila ninapofungua sanduku la ujumbe hupitisha jicho hapo kwanza. Mpaka leo haujafunguliwa.