Unamkamua kama unamdai

Niseme tu ukweli, usiku huu nimekaa kuandika kwa sababu ya maneno matatu. Leo siku ya saba na bado yananizunguka kama inzi wa bandani, nikiosha vyombo yapo, nikiwa kwenye hiace ya kwenda Himo yapo, jana kwenye sendofu ya wifi watu wamesimama wanatunza mimi nimekaa na sahani yangu ya pilau nayarudia kimoyomoyo.

Ila nianze na habari njema maana najua mnaisubiri. Sista kazaa! Usiku wa kuamkia Jumapili iliyopita, mvua inanyesha ile ya masika isiyo na adabu, Baba J kashika tochi ya simu mimi nimeshika sijui nini, nadhani nilishika ndoo tu ili nionekane nimeshika kitu. Ndama jike. Jike jamani, na mnajua tulivyoomba. Mweusi, ana alama nyeupe kwenye paji la uso kama mtu kamwagiwa unga, na kabla hata hajakauka vizuri Baba J keshampa jina, kasema huyu anaitwa Riba. Kwa sababu ng'ombe ni wa mkopo na huyu ndo faida juu. Watoto wakacheka mpaka basi, nami nikacheka, sikujua kwamba wiki nzima hii habari ya madeni itanigeukia mwenyewe.

Wale wa siku nyingi mnakumbuka hadithi ya Sista, mtamba wetu wa kwanza, wa kwanza kabisa kwenye huu mji tangu nimeolewa, milioni moja na laki tisa, amekuja mwezi wa tatu na mimba yake ya miezi 7, muuzaji akiapa kwamba kapandishwa kwa mrija, mbegu ya Usa River, kile kituo cha uhimilishaji. Laki tano akiba yetu, milioni na laki nne kikoba. Ndio, mimi afisa mikopo nimeenda kukopa kikoba, msinicheke. Jina la Sista walimpa watoto siku ya kwanza tu alivyoshuka kwenye Canter, ni mweusi na mweupe halafu anatembea taratibu ameinamisha kichwa, wakasema kafanana na masista wa parokiani.

Haya. Jumapili yote alikamua Bibi, mama yake Baba J. Hakuna aliyemwambia, alikuja tu na kigoda chake na kisufuria, kiwele kimevimba kimejaa kama mpira uliopuliziwa zaidi, akakamua dang'a ile nzito ya njano kama kiini cha yai, ndama akanyweshwa kwanza maana bwana mifugo alishatuambia ndama asipopata dang'a saa za mwanzo ni kama umemwacha uchi kwenye baridi, iliyobaki Bibi akaichemsha ikaganda, watoto wakala na sukari. Vizuri. Nikasema kesho nakamua mimi. Ni ng'ombe wangu. Sikusema kwa sauti hilo la "wangu" lakini ndo nililokuwa nalo moyoni, na nina wasiwasi lilikuwa limeandikwa usoni.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nikaenda. Nimevaa buti za Baba J, nimeosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu kama nilivyofundishwa, nimepaka mafuta ya kukamulia, nimekaa. Nikaanza. Hakuna kitu. Navuta, inatoka kama mate. Nabadilisha chuchu, hivyo hivyo. Sista akaanza kuhamisha miguu, mara huku mara kule, mkia ukanipiga jicho, nami muda unaenda na hiace ya saa kumi na mbili haimsubiri mtu, nikaongeza nguvu. Teke moja, ndoo kule. Nusu lita yenyewe niliyoipata ikaenda na maji ya mvua.

Bibi alikuwa kasimama mlangoni. Sijui alikuwepo tangu lini. Kashikilia kanga yake mabegani hivi, katulia, hata sauti hakupandisha. Akasema:

"Mama J. Unamkamua kama unamdai."

Basi. Akaingia, akavuta kigoda, nikampisha. Akaanza kumsemesha Sista Kichaga, vineno vidogo vidogo vya kubembeleza mtoto, na wallahi ndani ya dakika mbili yule ng'ombe akaanza kucheua, maziwa yakashuka chwii chwii chwii. Lita tano. Mimi nimesimama na buti za mume wangu nimelowa.

Sasa ingekuwa mtu mwingine mwenye kazi nyingine ningecheka. Lakini mimi ndo kazi yangu! Mimi ndo ninayepiga hodi saa moja asubuhi kwa watu, mimi ndo yule wakiniona nashuka bodaboda mtoto anatumwa aje aseme mama kasafiri. Miaka sita hiyo. Na Bibi hajawahi kusema chochote kuhusu kazi yangu, si zuri si baya, akiulizwa na watu mkweo anafanya kazi gani anajibu "yuko Himo" kana kwamba Himo ni kazi.

Kwa hiyo nikamuuliza Baba J usiku, we ulikuwa nyuma ya banda, ulisikia mama alichosema? Akasema nilisikia. Nikamwambia hebu rudia. Na huyu mwanaume, Mungu anamwona, akasema: "Alisema unamkamua kama unawadai."

Una-WA-dai!

Mnaona tofauti? Kama ni "unamdai" basi ni ng'ombe, yaani nimemkalia Sista kama mtu anayedai chake, msemo tu wa mtu mzima, yameisha. Lakini kama ni "unawadai" ni wateja wangu hao, ni mimi ninavyowafanyia watu, ni dukuduku la miaka sita mtu alikuwa anatafuta pa kulitolea. Herufi mbili hizo. Nikamwambia hapana, alisema unamdai, nilikuwa karibu yake kuliko wewe. Akasema sawa, unamdai. Nikamwambia usikubali tu ili ulale, alisemaje? Akasema mama J mimi nilikuwa nakata majani ya tembo na panga, mvua inanyesha, nitasikiaje herufi. Akageukia ukutani. Nikabaki natazama dari.

Jumanne na Jumatano nikamwachia Bibi akamue. Nikajifanya nachelewa. Jumatano hiyohiyo ofisini wakatutangazia kwamba tawi letu linaunganishwa na la Moshi ikifika mwezi wa saba na si wote tutakaohamia, nitaliandika siku nyingine, wenzangu wanalia chooni mimi niko kwenye dawati nawaza hivi aliinua kidevu kabla ya kusema au baada ya kusema.

Halafu Alhamisi. Alhamisi nilikuwa na mama mmoja mtu mzima wa kufuatilia, mkopo wa kikundi, marejesho ya wiki mbili hayajaingia na wenzake wamechoka kumbebea. Nikafika kwake jioni kama saa kumi na moja, napita kwenye migomba, tope mpaka kwenye kifundo, nikapiga hodi mbele kimya, nikasikia sauti nyuma. Nikazunguka. Nikamkuta anakamua. Kaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, macho kafumba kabisa kama mtu yuko kanisani. Bila kuyafumbua akasema, "Ngoja nimalize. Ukinisemesha huyu anazuia."

Basi afisa mikopo nikasimama na faili langu kwapani kama mtoto aliyechelewa namba.

Na nikatazama. Kwanza alishakamua michirizo ya mwanzo kwenye kikombe cheusi na kukiinamisha kuangalia kama kuna vidonge vidonge, hiyo ya ugonjwa wa kiwele naijua. Ila mikono yake sasa. Yule mama havuti! Kidole gumba na cha shahada vinafunga juu kwenye shina la chuchu, halafu vile vingine vinafuata kimoja kimoja kushuka, kama mtu anafumba ngumi pole pole, anaachia, chuchu inajaa tena, anafunga. Mkono wenyewe haushuki hata inchi. Mwanzoni maziwa yanalia kwenye bati, chii, chii, kadiri ndoo inavyojaa sauti inazidi kuwa nzito mpaka inakuwa fuu, fuu, povu limepanda. Dakika sita au saba kamaliza. Bwana mifugo alituambia kabisa kwamba ukishaosha kiwele muda wenyewe ndo huo, maziwa yakishashuka hayakungoji, na ng'ombe akishtuka anayafungia hukohuko juu, nami niliandika hayo yote kwenye daftari. Daftari halina mikono.

Akanyanyuka, akanitazama, akajua nimefuata nini. Kabla hajaanza maelezo yake, nikamwambia mama mimi nina ng'ombe kazaa Jumapili na ananipiga mateke. Ilitoka tu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema lete mikono. Nikampa. Akaigeuza kwenye mwanga, akacheka kicheko kile cha bila sauti, mabega tu.

"Mwanangu, na hizi kucha?"

Kucha zangu. Ndefu, za kubandika, nyekundu iliyoiva, nilitengeneza kwa ajili ya sendofu, elfu ishirini. Akasema mtamba ndo uzazi wake wa kwanza, kile kiwele kinamuuma kama titi la mwanamke aliyejifungua juzi, wewe unamwendea na hivyo visu. Nikahisi aibu, sio ya kazini, aibu nyingine kabisa ya tumboni, maana mimi nimenyonyesha watoto watatu na nakumbuka wiki ile ya kwanza na Mkubwa, nilivyokuwa nalia mtoto akisogezwa tu.

Tukakaa pale kwenye jiwe karibu nusu saa. Nikaondoka na vipando vya majani ya tembo nimefungiwa kwenye kiroba na ahadi ya Jumatatu ambayo mi sikuiomba, ye mwenyewe ndo kasema nikiwa nishavuka mfereji. Kwenye fomu nikajaza "ameahidi Jumatatu", ambayo ni kweli.

Usiku ule nikazibandua moja moja na maji ya moto, zilizobaki nikakata kwa wembe. Mkubwa akaniuliza mama unalia, nikasema ni mvuke.

Ijumaa jioni nikaenda bandani nikiwa nimewahi kurudi. Nikaweka pumba kwenye kihori, nikakaa, nikaegemeza paji la uso kwenye ule ubavu. Joto lile! Hakuna aliyeniambia kwamba ng'ombe ana joto zuri hivyo na kwamba unasikia tumbo lake linanguruma ndani kama mtu anasogeza makabati chumba cha pili. Sijui vineno vya Kichaga vya kubembeleza, mimi ni Msambaa, nikamsemesha Kisambaa, na nilivyoishiwa maneno nikaanza kumhadithia habari ya tawi kuunganishwa. Nikafunga vidole juu, nikafumba ngumi. Chii.

Jamani ile chii ya kwanza.

Lita tatu na nusu. Vidole vilikufa ganzi nikashindwa kukunja mwavuli, lakini tatu na nusu, na Riba bado kapata yake. Na jana asubuhi kabla ya kwenda kwenye shughuli nikapata nne.

Bibi alikuja Ijumaa ile nikiwa namalizia. Akasimama palepale mlangoni, kanga ileile. Nikajiandaa, nikawa nasubiri neno. Akatazama ndoo. Akatazama mikono yangu. Akasema, "Umekata." Akachukua kikombe chake, akachota, akaondoka.

Umekata. Nikafurahi kama nimepewa ng'ombe wa pili, nikafurahi mpaka saa nne usiku hivi, ndo ikanijia nikiwa napiga mswaki: kumbe alikuwa anajua! Alikuwa anaziona kucha tangu Jumatatu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, mtu anaziona kucha, anajua tatizo ni kucha, na badala ya kuniambia kata kucha zako, maneno matatu tu mepesi, akachagua yale mengine matatu. Mdaiwa wangu mwenyewe kaniambia kwa dakika moja. Sasa hapo mnisaidie, alitaka nitafute mwenyewe, au aliona akiniambia nitasema ananionea wivu kucha zangu, kwa sababu kwa kweli ningesema hivyo, nawajua mnanijua. Baba J anasema nimuulize mwenyewe. Baba J hana mama mkwe anayeishi hatua ishirini kutoka jikoni kwake.

Na bado sijajua kama ni -m- au ni -wa-.

Riba ameanza kuruka ruka, leo mchana kachomoka kakimbia mpaka kwenye kahawa. Kesho bwana mifugo anakuja kwa habari ya hereni na chanjo ya ndigana, ule ugonjwa wa kupe.

Halafu kuna cheti cha kuzaliwa cha mtoto wangu wa pili. Mwalimu wao anakitaka kesho asubuhi kwa ajili ya usajili wa mtihani, katuma meseji mara mbili, na hakionekani. Nimetafuta kwenye bahasha ya kaki, kwenye Biblia kubwa, chini ya godoro, mpaka kwenye sanduku la masufuria. Vya wawili wengine vipo, chake tu ndo hakipo, na sasa hivi ni saa sita kasoro na umeme unacheza cheza.